Siku za Ziada Kwenye Ratiba ni za Nani?

Mikataba mikubwa ya ujenzi nchini Tanzania na Kenya huandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mwenye mradi, mhandisi, mkandarasi na mafundi wote wanashinda saitini wakizungumza Kiswahili. Kazi huamuliwa kwa lugha moja na barua huandikwa kwa nyingine, na hapo katikati wiki tatu zinaweza kupotea bila mtu kuziiba. Tuseme mhandisi wa mkandarasi ameona kwamba kazi ya uzio inaweza kusogea wiki tatu bila kugusa tarehe ya makabidhiano. Anaandika kwamba ana "extra time" ya wiki tatu. Mwenye mradi akisoma anaweza kudhani mkandarasi amejipa muda kupita mahitaji, hivyo hakuna haraka ya kumpelekea michoro iliyobaki. Au anaweza kudhani anaombwa asogeze tarehe ya mwisho, akajibu kwa ukali kwamba hakuna nyongeza. Kiingereza cha wote wawili hakina kasoro. Kasoro ni kwamba neno lililochaguliwa haliwaambii nani ana haki ya kuzitumia siku hizo.

Kiingereza cha miradi kina maneno mengi kwa kile tunachokiita kwa haraka muda wa ziada: float, slack, contingency, buffer, time risk allowance, padding. Kamusi huyaweka karibu karibu kana kwamba lolote linafaa. Kazini hayafai kubadilishana, kwa sababu kila moja lina mwenyewe, lina historia yake, na lina matokeo yake siku mgogoro unapofika kwa msuluhishi. Nadhani njia ya kuchagua neno sahihi ni kuacha kuuliza siku hizi zinaitwaje, na kuuliza kwanza ni za nani na zimetokea wapi.

Tuanze na float, maana ndilo linalowachanganya wengi. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa inatafuta namna bora ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake vya kemikali. Mhandisi wake, Morgan Walker, akashirikiana na James Kelley wa Remington Rand, kampuni iliyokuwa ikiuza kompyuta za UNIVAC, wakabuni hesabu inayoonyesha ni kazi zipi zikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, na ni zipi zinaweza kungoja. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini la Marekani, likiwa katika mradi wa makombora ya Polaris, likaja na hesabu ya jamii hiyo hiyo iliyojulikana kama PERT. Watu wa DuPont waliuita uwezo wa kazi kungoja float. Watu wa Polaris wakauita slack. Maneno hayo mawili yanataja kitu kimoja, na tofauti imebaki hadi leo ndani ya programu zetu: Primavera inaandika float, Microsoft Project inaandika slack. Mimi ningependekeza float katika barua yoyote inayokwenda kwa mteja. Slack katika Kiingereza cha kawaida ina harufu ya uzembe, na mteja asiye mhandisi akiambiwa kwamba ratiba ina "slack" ya mwezi mzima ataanza kuhesabu mafundi waliokaa chini ya mwembe.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Kuta na kupaua vinachukua wiki nane. Milango inachukua wiki tatu kwa seremala, kisha wiki moja ya kupigwa vanishi, na haihitajiki saitini mpaka paa likamilike. Njia ya milango ni wiki nne, njia ya kuta na paa ni wiki nane. Basi milango ina float ya wiki nne. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuongeza wiki hizo. Zimetokana na kutoa nne katika nane. Kwa hiyo sentensi kama "we have added float" ni kosa la maana, si la sarufi tu. Ukitaka kuongeza muda kwa makusudi, tafuta neno lingine.

Tena wiki hizo nne si za seremala peke yake. Kwenye ratiba utaona seremala ana nne na mpiga vanishi ana nne, na msomaji asiye mzoefu atajumlisha apate nane. Ni nne zile zile. Seremala akizila zote, mpiga vanishi anabaki bila hata siku moja. Ndiyo maana wapangaji hutenganisha "total float", yaani jumla inayoshirikiwa na kazi zote za njia hiyo, na "free float", yaani zile siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kumsumbua hata anayefuata. Seremala wetu hana free float kabisa. Nimeona ripoti nyingi za maendeleo zinazotaja float bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili, na ripoti ya namna hiyo haimsaidii mtu kuamua chochote.

Sasa swali la umiliki. Mwenye mradi amechelewesha vipimo vya milango wiki tatu. Kwa kuwa kulikuwa na float ya wiki nne, tarehe ya mwisho haikuguswa, na mkandarasi hana cha kudai. Baadaye seremala anaugua wiki mbili. Sasa tarehe inaguswa kwa wiki moja, na anayelipa fidia ya ucheleweshaji ni mkandarasi, ingawa mwingine ndiye aliyekula sehemu kubwa ya nafasi. Je, hiyo ni haki? Chama cha Sheria ya Ujenzi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa ucheleweshaji uliotoka mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2017, kinasema kwamba mkataba usiposema vingine, float ni ya mradi: anayeifikia kwanza ndiye anayeitumia. Wakandarasi wengi hawaupendi msimamo huo, wakisema ratiba ni yao na mbinu za kazi ni zao. Mimi naona unatekelezeka, lakini unampa zawadi anayechelewa mapema.

Kuna namna nyingine inayofanana na float na bado si ile. Mkandarasi anapopanga kumaliza mwezi wa Oktoba wakati mkataba unampa hadi Desemba, miezi miwili iliyobaki kati ya mpango wake na tarehe ya mkataba huitwa "terminal float". Mahakama ya Uingereza iligusa jambo hili mwaka 1987 katika kesi ya Glenlion dhidi ya Guinness Trust: mkandarasi ana ruhusa ya kumaliza mapema, lakini mwenye mradi hana wajibu wa kumkimbilia na michoro ili amalize mapema. Mikataba ya NEC inayotumika sana Uingereza ikachukua njia yake: ucheleweshaji hupimwa kutoka tarehe ambayo mkandarasi mwenyewe alipanga kumaliza, hivyo miezi ile miwili inabaki mikononi mwake. Maneno mawili tu, terminal float, chini ya mikataba miwili tofauti, yana wenyewe wawili tofauti. Anayechukua neno kutoka ratiba ya mradi wa Uingereza na kulibandika kwenye mradi wa Dodoma bila kusoma mkataba anacheza kamari.

Contingency ni jambo jingine kabisa. Hizi ni siku zilizowekwa kwa makusudi kwa ajili ya hatari inayojulikana, zikiwa na sababu inayoweza kutajwa. Taasisi ya Usimamizi wa Miradi ya Marekani, PMI, ambayo mitihani yake inafanywa na wataalamu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam, hutenganisha akiba ya hatari zinazojulikana, ambayo meneja wa mradi anaisimamia, na "management reserve", akiba ya yale ambayo hakuna aliyeyawazia, ambayo funguo zake hukaa kwa wakubwa. Hapa tena umiliki ndio unaoligawa neno.

Na kwetu hatari inayojulikana kuliko zote ni mvua. Hapa ratiba nyingi huvunjika kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Pwani na kaskazini mwa Tanzania, na sehemu kubwa ya Kenya, masika huja Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Kusini na magharibi mwa Tanzania kuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mpangaji anayegawa siku za mvua sawasawa mwaka mzima, tuseme siku mbili kila mwezi, amefanya hesabu ya karatasini. Siku mbili za Agosti hazihitajiki, na siku mbili za Aprili hazitoshi. Zaidi ya hapo, saa za hasara si saa za mvua peke yake. Mvua ikikatika saa nne asubuhi, udongo wa tuta la barabara unabaki na maji mengi mno kushindiliwa, greda linasimama, na kazi inaweza kurudi baada ya jua la siku kadhaa. Daftari la saiti linaandika nusu siku ya mvua. Ratiba imepoteza siku tatu.

Kuchelewa kwenyewe pia hakuna bei moja. Mkandarasi wa barabara Morogoro akichelewa wiki mbili mwezi wa Juni, atafidia kwa kuongeza mitambo Julai. Akichelewa wiki mbili mwanzoni mwa Machi, kazi ya udongo iliyobaki inaangukia katikati ya masika, na wiki mbili zinazaa miezi miwili. Contingency inayofaa kwetu ni ile iliyoandikwa kwa msimu: siku kadhaa kwa kazi ya udongo kati ya Machi na Mei, kwa kufuata kumbukumbu za miaka kadhaa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye kituo kilicho karibu na saiti.

Kumbukumbu hizo zina kazi nyingine. Mikataba sanifu ya kimataifa ya FIDIC, toleo la mwaka 1999, inampa mkandarasi nyongeza ya muda kwa hali ya hewa mbaya "isiyo ya kawaida". Masika ya kawaida ni ya kawaida. Mkandarasi ambaye hakuyawekea siku kwenye ratiba yake anayabeba mwenyewe, hata akipiga picha za matope mia. Mvua zilizoleta mafuriko Kenya na Tanzania mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, ni habari nyingine. Huko kuna hoja ya kujenga, mradi takwimu za miaka ya nyuma zipo za kulinganisha. Na nyongeza hiyo jina lake ni "extension of time". Si float wala contingency, maana haimo kwenye ratiba mpaka mhandisi aitoe. FIDIC inataka taarifa ya madai itolewe ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua au alipopaswa kujua. Barua iliyofika siku ya 40 ikiomba "additional contingency" imekosea mara mbili, na kosa la jina ndilo dogo.

NEC, ambayo nimeitaja, ina neno ambalo natamani lingeenea huku kwetu: "time risk allowance". Ni siku ambazo mkandarasi anaweka ndani ya kila kazi kwa ajili ya hatari zake mwenyewe, na mkataba unamtaka azionyeshe waziwazi kwenye ratiba. Kumwaga zege la jamvi ni siku sita, na juu yake siku moja ya tahadhari. Kila mtu anaiona, na kila mtu anajua ni ya mkandarasi. Mteja hawezi kuinyofoa kwa kisingizio kwamba kazi ingeweza kwisha kwa siku sita.

Tahadhari ile ile ikifichwa, inaitwa "padding", na hapo tumeingia kwenye matusi. Hakuna mhandisi anayeandika kwamba ratiba yake ina padding; neno hilo humwandikia mwenzake. Fundi anajua atapaka plasta siku nne, anasema saba. Msimamizi anajua kwamba fundi amesema saba kwa kazi ya nne, anakata mpaka tano. Fundi akizoea kukatwa, safari ijayo anasema tisa. Mwisho wa mchezo huu hakuna anayejua plasta inachukua siku ngapi, na hiyo ndiyo hasara yake kubwa. Siku zenyewe ni hasara ndogo. Taarifa ndiyo imekufa.

Lakini kuficha siku kungeweza kusameheka kama kungesaidia. Hakusaidii. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyegeukia mambo ya viwanda, alilieleza hili katika kitabu chake Critical Chain cha mwaka 1997. Mtu akiwa na siku saba za kazi ya siku nne, huanza siku ya nne. Akimaliza mapema, hasemi, kwa sababu akisema safari ijayo atapewa nne. Mwingereza Parkinson alikuwa ameshaandika katika jarida la The Economist mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa. Basi siku zilizookolewa haziendi kwa anayefuata, lakini siku zilizochelewa zinakwenda zote. Ongeza na hesabu ya makutano: kama kazi tatu lazima ziishe ndipo ya nne ianze, na kila moja ina nafasi 80 kwa 100 ya kuisha kwa wakati, nafasi ya zote tatu kuisha ni kama 51 kwa 100. Kila fundi amejilinda vizuri, na kazi ya nne bado inachelewa karibu nusu ya mara.

Dawa ya Goldratt ni buffer. Chukua tahadhari zilizofichwa ndani ya kila kazi, zipunguze, kisha weka zilizobaki pamoja mwishoni mwa mradi na kwenye maingilio ya njia kuu (ile ya kazi zisizoweza kungoja), mahali ambapo kila mtu anaona zinavyopungua wiki hadi wiki. Buffer ni ya mradi, haina kazi yake yenyewe, na thamani yake iko katika kupimwa: theluthi moja imeliwa wakati kazi iko nusu, tuko salama; theluthi mbili zimeliwa wakati kazi iko robo, kuna tatizo. Ni wazo zuri. Nina shaka nalo katika mikataba yetu, ambamo fidia ya ucheleweshaji huhesabiwa kwa siku na kila mkandarasi mdogo ana mkataba wake. Kumwambia fundi aweke tahadhari yake kwenye kapu la wote kunamtaka aamini kwamba siku atakayokwama kapu litafunguliwa kwa ajili yake pia. Ndani ya kampuni moja linawezekana. Kati ya kampuni tano zinazosubiri kushtakiana, sijui nani ataanza.

Maneno mengine yapite haraka. "Lag" si muda wa ziada. Ni kungoja kunakolazimishwa na kazi yenyewe, kama zege linalohitaji kukomaa kabla ya kuvuliwa mbao. Anayezikata siku hizo akidhani ni akiba anahatarisha maisha ya watu. "Lead time" ni muda wa kuagiza kitu hadi kifike. "Grace period" waachie benki. "Overtime" ni saa za malipo ya ziada kwa wafanyakazi. Na "extra time" yenyewe, ile tuliyoanza nayo, kwa Mwingereza ni dakika thelathini za nyongeza baada ya mechi kwisha sare. Kwenye barua ya mradi haina maana maalumu, na kwa sababu hiyo kila msomaji huipa anayoitaka.

Kuna sababu moja zaidi ya kujali mambo haya, nayo ni tarehe zinazotangazwa jukwaani. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilianza kujengwa mwaka 2017 kwa mkataba wa miezi 30. Treni za abiria zilianza safari Juni 2024. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, la megawati 2,115, lilianza Juni 2019 likitarajiwa kukamilika Juni 2022. Maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilianza Februari 2020 kwa matarajio ya miaka minne, likafunguliwa Juni 2025. Upande wa pili, reli ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kabla ya Desemba iliyopangwa. Sitaki kugawa lawama. Miradi iliyochelewa ilikutana na janga la UVIKO-19 na mambo mengine mengi. Ninachosema ni kwamba mwananchi alipewa tarehe moja tu, bila kuambiwa imebeba akiba ya siku ngapi na kwa hatari zipi. Bwawa hujazwa na mvua, na mvua ina msimu. Anayekosa msimu mmoja anangoja unaofuata. Tarehe ya mradi wa namna hiyo ingetangazwa ikiwa mbili: ya kila kitu kikienda sawa, na ya msimu mmoja ukipotea.

Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuita ugonjwa huu wa kupanga kwa matumaini "planning fallacy" mwaka 1979. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi lini wangemaliza tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa kama siku 34, na waliomaliza walichukua kama 55. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yakiharibika kabisa, walisema 49. Tiba iliyopendekezwa baadaye na wataalamu kama Bent Flyvbjerg ni kuacha kuutazama mradi wako kwa ndani, na kutazama miradi iliyofanana nao ilichukua muda gani. Serikali zetu sasa zina reli, madaraja na mabwawa ya kutosha ya kulinganisha. Siku zinazotokana na ulinganisho huo ni contingency halali, yenye ushahidi, na hakuna sababu ya kuzificha.

Basi unapoandika barua yako, andika siku ngapi, zimetokana na nini, na nani anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Ukishajibu hayo matatu, neno la Kiingereza litakuja lenyewe. Na kama una mkataba wa FIDIC wa mwaka 2017 mezani, fungua kifungu cha 8.3: kinamtaka mkandarasi aonyeshe float kwenye ratiba. Kisha soma masharti maalumu uone kama yanasema float hiyo ni ya nani. Yakiwa kimya, uliza kabla hujasaini.